Muziki wa harusi: maswali yenu na majibu yangu

Msimu wa harusi umeshaanza na maswali yamejaa, nimechukua machache, wengine msininunie mtajibiwa.

Swali: Tunafunga ndoa kanisani Desemba, mchumba wangu anataka niingie na ule wimbo wa kizungu wa kwenye sinema, wa kinanda. Padri kakataa. Tumbembeleze? (Bibi harusi mtarajiwa, Mbeya)

Jibu: Achaneni nao dada. Huo ni wa Richard Wagner, Mjerumani, umetoka kwenye opera yake ya Lohengrin iliyochezwa mara ya kwanza 1850, na ukifuatilia stori yenyewe, usiku uleule wa harusi bibi harusi kauliza swali alilokatazwa kuuliza, mume akaaga akaondoka zake. Sasa ndo uingie nao kanisani? Ule mwingine wa kutokea, wenye matarumbeta, ni wa Mendelssohn wa 1842, aliutunga kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare, ukaja kuvuma baada ya binti wa Malkia Victoria kuutumia harusini kwake London 1858. Yote miwili haikutungwa kwa ibada, ndo maana mapadri wengi hawaitaki misani. Muone mwalimu wa kwaya mapema, siyo wiki ya harusi, akuimbie nyimbo mbili tatu za kuingilia uchague. Kwaya zetu zikianza na vigelegele vya mashangazi vikapanda juu yake, huyo Wagner hata hutamkumbuka.

Swali: Kamati imegawanyika. Wazee wanataka dansi la Msondo na Sikinde, sisi vijana singeli, MC anasema atapiga mchanganyiko. Inakuaje hapo? (Mdogo wa bwana harusi, Tabata)

Jibu: Mchanganyiko ndo unaoua sherehe kaka, wimbo mmoja wazee wanainuka, unaofuata wanarudi kukaa, mwisho hakuna anayecheza. Gawaneni muda. Kadi imeandikwa saa 12 jioni, watu tunawajua, ukumbi unajaa saa 2, basi hayo masaa ya kusubiri wape wazee dansi lao kwa sauti ya chini. Maharusi wakiingia na wasimamizi wao weka Bongo Fleva ambayo kila mtu anaijua. Kwenye msosi rumba ya Kongo, tena taratibu, maana mtu ana pilau mdomoni halafu spika inamtetemeshea sahani, hiyo ni adhabu.

Kwenye zawadi ndo uwe makini kuliko kote. Kila kundi linaingia linacheza: wajomba, majirani, watu wa ofisini, na mashangazi ndo wanaokujaga mwisho na sare zao, wamebeba masufuria kichwani na vitenge wamevitandaza. Kila kundi liulizwe wimbo wake siku kadhaa kabla, DJ awe na orodha kwa mpangilio wa kuingia. Shangazi akifika mlangoni akakuta wimbo siyo wake, anasimama palepale na sufuria lake hasogei, na mtasemwa mpaka mtoto wa kwanza abatizwe.

Singeli iwe ya mwisho kabisa. Ile kitu inapita mapigo 200 kwa dakika, ukiianza mapema wazee wanaaga na vijana wanaloa jasho kabla hata shughuli haijanoga. Anza na dansi la wazee kama dakika 20, vuka na mduara maana huo unachezwa na kila umri, ndo uwaachie wana wa Manzese wafanye yao.

Swali: Tunataka kufungua muziki na Malaika, ni wimbo mtamu sana. Unaonaje? (Maharusi, Arusha)

Jibu: Mtamu kweli, ila sikilizeni maneno. Jamaa analia kwamba angemuoa binti ila hana mali. Na wewe umeshatoa mahari, umelipa ukumbi, unalia nini?

Swali: Mama mkwe mtarajiwa hataki muziki kabisa, anasema dini. Mama yangu anataka taarabu. Nipo katikati. (Binti, Tanga)

Jibu: Usiwapambanishe mwanangu, watenganishie shughuli. Siku ya nikahi iwe kaswida na dufu, hapo mama mkwe hana neno. Taarabu mama yako aifanye kwenye shughuli ya wanawake ya upande wenu, siku nyingine, na mama mkwe aalikwe kwa heshima, akija sawa asipokuja sawa. Ila chagueni aina ya taarabu. Ile ya kizamani, ya mtindo wa kikundi cha Ikhwan Safaa cha Unguja ambao wapo tangu 1905, inatuliza watu wanasikiliza mashairi. Ya mipasho ni habari nyingine, mtu anangoja ubeti unaomfaa, anainuka na noti yake kwenda kutunza huku kamkazia macho wifi yake, na wifi naye kaelewa. Kama kwenu kuna ugomvi wa chinichini, mipasho iacheni.

Swali: Bajeti imekata, hamna hela ya DJ. Tunaweza kutumia simu na spika ya kukodi? (Kaka, Dodoma)

Jibu: Mnaweza, kama watu siyo wengi. Pakua nyimbo zote kwenye simu usitegemee bando, weka nakala kwenye flashi, na simu iwe ya mtu ambaye hatapigiwa, au izimwe mtandao kabisa, maana harusi nzima imeshasikia mtu akidaiwa kikoba kwenye spika. Iunganishe kwa waya, acha Bluetooth. Na huyo mshika simu mleteeni chakula palepale alipo, akienda kupanga foleni ya msosi muziki ndo umeisha hivyo.