Damu baada ya upasuaji wa saratani ya puru: ya kusubiri na ya kukimbiza hospitali

Ukiona damu baada ya kukatwa uvimbe wa puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, tazama rangi yake, kiasi chake, na ni siku ya ngapi tangu upasuaji.

Utumbo ukishaunganishwa upya, haja za mwanzo mara nyingi hutoka na damu nyeusinyeusi au vibonge vidogo. Hayo ni mabaki ya upasuaji, na hupungua kila uendapo haja. Damu nyekundu mbichi inayozidi kuongezeka huenda inatoka kwenye kiungio, pale utumbo ulipounganishwa. Hospitalini wanaweza kuingiza kamera na kubana mshipa kwa klipu. Wewe usiingize kitu njia ya haja kubwa, iwe enema (maji ya kusafisha utumbo), dawa ya kupachika au kipimajoto, maana mshono mchanga hutoboka. Damu ikija pamoja na homa, usaha au maumivu makali ya tumbo, huenda kiungio kimeachia. Usingoje kupambazuke.

Wenye stoma, yaani mdomo wa utumbo uliotolewa nje ya tumbo ili haja iingie mfukoni, huogopa bure mara nyingi. Nyama yake imejaa vishipa, hivyo matone mawili matatu wakati wa kuipangusa ni kawaida. Ikiendelea, bana kwa kitambaa safi chenye maji baridi dakika 10 mfululizo. Kuchungulia kila mara ndiko kunakobandua damu iliyoanza kuganda. Kisha kagua tundu la mfuko: likibana, husugua nyama, kwa hiyo likate lizidi stoma kwa milimita 2 au 3. Damu inayotoka ndani ya stoma na kujaa mfukoni haizuiliki kwa kubana, nenda hospitali.

Sindano za kuzuia damu kuganda, kama enoksaparini, baada ya upasuaji wa saratani huweza kuendelea hadi siku 28. Usiziache kwa uamuzi wako, kwani damu ikiganda mguuni na kupanda mapafuni huua. Ukivuja damu, mpigie daktari kabla ya dozi inayofuata. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usinywe bila yeye kujua.

Kizunguzungu ukisimama, jasho baridi, mkojo kupungua, au mapigo ya moyo kupita 100 kwa dakika ukiwa umetulia: hiyo ni dharura hata kama damu inayoonekana ni kidogo, kwa kuwa nyingine huweza kuwa imejikusanya tumboni. Lala chini, ita gari, usile wala usinywe kwa sababu huenda ukahitaji nusukaputi. Anayekusindikiza abebe dawa zako zote na aandike saa ya sindano ya mwisho.