Steringi anayekufa: maswali yenu kuhusu William Holden

Safari iliyopita nilimtaja William Holden, mwigizaji wa zamani wa Hollywood, kwa mstari mmoja tu, maswali yakamiminika. Nimechagua haya.

"Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua steringi hafi. Sasa hii Sunset Boulevard inaanza steringi akiwa maiti, tena ndiye anayesimulia. Imekaaje?" (Msomaji wa Morogoro)

Imekaa hivyo makusudi, ndugu yangu. Mwongozaji Billy Wilder awali alipiga utangulizi wa maiti wakipiga soga mochwari. Watazamaji wa majaribio wakaangua kicheko, akaukata, na filamu ikatoka mwaka 1950 ikianzia kwenye bwawa la kuogelea. Tunamwona Holden kutokea chini, kaelea kifudifudi na suti yake, macho wazi, huku askari wakimchungulia toka ukingoni. Kamera haikuzamishwa. Waliweka kioo sakafuni mwa bwawa, wakapiga kilichoonekana humo.

Huyo marehemu ni Joe Gillis, mwandishi wa filamu aliyefulia hadi akawa marioo wa nyota mzee wa enzi za sinema bubu. Itazame sehemu ya duka la nguo, pale muuzaji anapomnong'oneza kwamba maadamu mama ndiye anayelipa, kwa nini asichukue koti la bei mbaya? Holden hasemi neno, lakini ule uso! Kwangu mimi, hapo ndipo alipoacha kuwa kijana mtanashati na kuwa mwigizaji. Na hakufa humo tu: anakufa kwenye The Bridge on the River Kwai, anakufa tena kwenye The Wild Bunch ya 1969.

"Holden ni jina lake la kuzaliwa? Na alitokaje?"

Hapana. Alizaliwa O'Fallon, Illinois, tarehe 17 Aprili 1918, akaitwa William Franklin Beedle, kisha akakulia California. Kwa masikio ya Mwingereza, Beedle inakaribiana mno na beetle, jina la mdudu, kwa hiyo usishangae studio ya Paramount kumbadilisha. Mwaka 1939 akapewa Golden Boy (Kijana wa Dhahabu), kisa cha kijana mpiga fidla anayegeukia ndondi. Alibabaika mno siku za mwanzo, wakubwa wakataka kumtimua. Barbara Stanwyck, aliyekuwa nyota tayari, akamkingia kifua na kumfanyisha mazoezi baada ya kazi. Mlishike jina hilo.

"Alipata Oscar?"

Moja, kwa Stalag 17, akiwa mfungwa wa vita anayefanya biashara na walinzi wa Kijerumani. Usiku huo wa 1954 muda wa matangazo ya televisheni ulikuwa unayoyoma. Akasema asante, akashuka.

"Nasikia Kwai ilimtajirisha."

Sana. Badala ya kuridhika na mshahara, aliafikiana apewe asilimia 10 ya mapato, ila alipwe dola 50,000 tu kwa mwaka, ili kodi isimmeze. Filamu ya 1957 ikaingiza fedha kuliko walivyotarajia, deni la studio kwa Holden likawa linakua haraka kuliko lilivyolipwa. Studio nayo haikulalamika: fedha ambazo Holden hajalipwa zilibaki mikononi mwa studio.

"Hapa Nanyuki wazee humtaja kama jirani. Ni kweli alikuwa na hoteli?"

Kweli kabisa. Mwaka 1959, yeye na washirika wake wawili walinunua hoteli ya Mawingo (mawingu kwa tahajia ya wageni), wakaigeuza Mount Kenya Safari Club. Mstari wa ikweta unapita humo humo. Kilichomshika zaidi, naona, ni wanyama. Alishirikiana na Mmarekani mwenzake Don Hunt kuanzisha ranchi ya wanyamapori, ambako bongo wa mlimani, yule swala mwekundu mwenye mistari myeupe, anazalishwa mpaka leo. Baada ya kifo chake, mwigizaji Stefanie Powers, aliyekuwa mwandani wake, alianzisha mfuko wenye jina la Holden, na kituo chake cha elimu kiko hapo hapo kwenu.

"Ni pombe iliyomuua?"

Ndiyo, na kabla yake ilishaharibu mengi. Mwaka 1966 huko Italia aligonga gari jingine, dereva wa gari hilo akafa. Mahakama ikampa Holden kifungo cha nje. Novemba 1981, akiwa peke yake nyumbani Santa Monica, amelewa, aliteleza kwenye zulia na kupiga kichwa kwenye meza ya kando ya kitanda. Alivuja damu hadi akafa. Alikuwa na miaka 63, na siku kadhaa zilipita kabla hajakutwa.

"Na yule Stanwyck?"

Mwaka 1978 walipanda pamoja jukwaa la Oscar kutangaza mshindi. Holden akayaweka kando maandishi aliyoandaliwa, akauambia ukumbi kwamba bila mwanamke huyu asingekuwa pale. Stanwyck alishindanishwa mara nne bila kushinda. Machi 1982, miezi minne baada ya Holden kufariki, akapewa Oscar ya heshima. Akaishika, akasema Holden siku zote alitamani yeye aipate. "Kwa hiyo usiku huu, kijana wangu wa dhahabu, umepata ulichotaka."