Msumeno wa mkanda wa bei nafuu: kabla hujauuza, angalia beringi za bledi

Mkuu, nimesoma ulivyoeleza. Umenunua bendso (msumeno wa mkanda) ndogo ya kukatia chuma, ile ya inchi nne kwa sita inayolala na kusimama. Umekata vyuma vitano sita, vyote vimetoka vimekwenda upande, bledi iliyokuja nayo imeng'oka meno siku ya pili, na sasa unataka kuiuza urudi kwenye grainda. Naomba usiiuze bado. Nina mashine ya aina hiyohiyo kwenye banda langu la nyumbani, huu mwaka wa tisa, na miezi ya mwanzo nilipita palepale ulipo wewe.

Mashine hizi zinatoka viwanda vingi, rangi tofauti, majina tofauti, ila mchoro wake ni uleule. Ndiyo maana nyingi zinatumia bledi ya urefu mmoja, milimita 1638, yaani inchi 64 na nusu, upana nusu inchi. Chuma cha mwili wake si kibaya na mota inatosha. Kilichopunguzwa ili bei ishuke ni muda wa fundi wa kuiseti. Inafika kwako ikiwa imeunganishwa tu. Kuiseti ni kazi yako, na ukiifanya siku moja kwa utulivu utapata mashine nyingine kabisa.

Mkato wangu wa kwanza ulikuwa shafti ya milimita 75. Ilipoanguka nikaiwekea guni (kipimo cha pembe mraba), na upande wa chini ulikuwa umekimbia karibu milimita nne. Nikachomoa umeme, nikainua kichwa cha mashine, yaani sehemu inayobeba bledi, nikaangalia zile beringi ndogo zinazobana bledi huku na huku. Upande mmoja niliweza kupitisha ukucha kati ya beringi na bledi. Yaani ilikuwa pale kama pambo, haigusi kitu. Bledi ikikutana na chuma ilikuwa inajiendea itakako.

Sasa fuata mpangilio huu, maana ukianzia katikati utarudia kazi. Toa umeme kwanza. Fungua kifuniko cha giaboksi, mwaga oili yote, futa ndani kwa kitambaa. Kwangu nilikuta oili nyeusi, na chini yake chembe ngumu; nilipozisugua kati ya vidole nikajua ni mchanga wa kalibu (wa kumiminia chuma) uliobaki ndani tangu kiwandani. Huo mchanga ukizunguka na gia unazila taratibu. Weka oili nzito ya gia, ila usijaze mpaka juu, itavuja kwenye gasketi.

Baada ya hapo legeza mikono yote miwili inayoongoza bledi, zisogeze beringi mbali, ili uone bledi inakaaje kwenye magurudumu yenyewe. Wengi wanaruka hatua hii, halafu wanahangaika wiki nzima. Kaza bledi, zungusha gurudumu kwa mkono, uangalie mgongo wa bledi. Unatakiwa ukae karibu na ukingo wa gurudumu, uuguse kidogo sana au usiuguse. Ukisikia unasaga, au bledi inataka kutoka, gurudumu la juu limeinama. Nyuma yake kuna bolti za kulirekebisha. Geuza robo mzunguko, zungusha tena, angalia. Mkazo nao usiuonee huruma. Bledi iliyolegea inajipinda kama upinde ndani ya chuma, na hapo hata beringi nzuri hazikusaidii. Angalia pia meno yanaelekea wapi: yanatakiwa kutazama gurudumu linaloendeshwa na mota. Kama yanatazama kinyume, bledi imevaliwa ndani nje. Itoe, igeuze kama unavyogeuza soksi.

Ndipo uje kwenye beringi. Kila mkono una beringi mbili za ubavuni, na moja kati ya hizo bolti yake haiko katikati. Ukiizungusha hiyo bolti, beringi inasogea kuelekea bledi. Isogeze mpaka ziibane bledi bila kuikaba. Kipimo changu ni kidole: bledi ikitembea beringi inazunguka, ukiishika kwa kidole inasimama huku bledi ikiendelea. (Hii ifanye ukizungusha kwa mkono, umeme ukiwa nje.) Kama mashine yako ina beringi ya nyuma inayopokea mgongo wa bledi, iache karibu sana nao, ila isiusukume. Halafu kila unapokata, sogeza mikono hiyo ikaribie chuma kadiri inavyowezekana. Watu wanaiacha imetanuka hadi mwisho, wanakata nondo ya milimita 20, kisha wanashangaa bledi inayumba.

Kupima kama umefanikiwa, usitumie guni peke yake. Chukua shafti nene, hata ya milimita 50, ifunge kwenye jiliwa, weka alama juu kwa chaki, kata ncha isafike. Sasa legeza, zungusha shafti nusu duara ili alama iende chini, isogeze nje milimita 10 hivi, ufunge, ukate kisahani, yaani kipande chembamba cha duara. Lazima uizungushe. Ukikata visahani viwili mfululizo bila kuizungusha, nyuso zote mbili zitainama sawa, na venia (kipimo cha unene) itakuambia kisahani kiko vizuri wakati mashine inakata upande. Pima unene juu, chini, kushoto na kulia. Tofauti ya juu na chini inatokana na bledi kuinama: legeza mkono wa kuongoza, uuzungushe kidogo. Tofauti ya kushoto na kulia ni taya lisilosogea la jiliwa halijakaa sawa na bledi. Na kumbuka kisahani kinaonyesha kosa mara mbili ya lilivyo, kwa hiyo ukiona milimita moja, mashine yako imekosea nusu. Kwangu ilinichukua visahani saba kufika mahali pa kuridhika. Bado ninavyo, nimevitundika juu ya mashine.

Kuhusu meno yaliyong'oka: umesema ulikuwa unakata bomba la mraba la milimita mbili kwa bledi ya meno 14. Hapo ndipo yalipokwendea. Ndani ya chuma yanatakiwa yawepo angalau meno matatu kwa wakati mmoja. Meno 14 kwa inchi maana yake kila jino liko kama milimita 1.8 kutoka kwa mwenzake, kwa hiyo kwenye ukuta wa milimita mbili linaingia jino moja, linakamata ukingo kama ndoano, linavunjika. Likivunjika moja, linalofuata linapigwa mara mbili. Kwa mabomba membamba tafuta meno 24. Kwa vyuma vya kati, bledi ya meno mchanganyiko, 10 hadi 14 kwa inchi, ndiyo inayokaa kwenye mashine yangu siku nyingi. Ukikata shafti nene kwa bledi ya meno madogo utapata shida ya upande wa pili: nafasi kati ya meno zinajaa maranda, bledi inateleza tu bila kula. Na ukinunua, nunua ya baimeto, ile yenye meno ya chuma kigumu yaliyounganishwa na mgongo unaopindika. Zile za kaboni za kawaida zinaisha haraka mno, hazifai kwa chuma unachokutana nacho kila siku.

Bledi mpya usiiingize kwenye mkato ulioachwa na bledi ya zamani. Mkato wa zamani ni mwembamba, mpya ina meno yaliyotanuka, itabanwa na kuharibika hapohapo. Geuza chuma uanze upande mwingine. Mikato ya kwanza michache ipunguzie uzito, karibu nusu ya kawaida, ili ncha za meno zizoee.

Uzito wenyewe unarekebishwa na ile springi ya nyuma. Mimi nilifunga mizani ya kuning'iniza mbele ya kichwa, nikakaza springi mpaka kikabaki kama kilo nne hivi, lakini siku hizi nasikiliza na kuangalia maranda. Yakitoka yamejikunja, ya rangi ileile ya chuma, uko sawa. Yakitoka unga, ongeza uzito, maana meno yanasugua badala ya kukata. Yakitoka ya bluu, unasukuma sana au kasi imezidi.

Kasi hubadilishwa kwa kuhamisha belti kwenye puli. Kwangu zipo tatu, takriban mita 25, 37 na 60 kwa dakika. Chuma laini cha kawaida nakata kwa ya kati. Alumini ya juu, na bledi naipaka nta kidogo ili isigande. Stenlesi ya chini kabisa, tena kwa uzito wa kutosha bila kusitasita: ukiiacha bledi isugue tu juu yake, stenlesi inakuwa ngumu zaidi pale pale na bledi inakufa. Chuma cha kalibu kata kikavu. Chuma kilichopikwa kikawa kigumu, kama ncha ya dreli, usijaribu.

Namna ya kufunga chuma nayo ina yake. Engo (chuma chenye umbo la L) usiisimamishe upande mmoja. Iweke kama paa la nyumba, ncha juu, meno yatakutana na unene unaokaribiana muda wote. Kipande kifupi kisichofika katikati ya jiliwa kinalifanya taya liende upande na kuachia. Weka kipande kingine cha unene uleule upande wa pili wa taya, kibane sawa. Mimi nilipuuza hilo mara moja tu. Kipande cha flati bari kiligeuka ndani ya jiliwa, bledi ikakatika kwa mlio ambao niliusikia kifuani.

Bledi hufika imeviringishwa na ina nguvu ya springi, kwa hiyo vaa glavu na miwani unapoifungua. Lakini mashine ikianza kuzunguka, glavu vua. Ukiisimamisha wima kukata kwa kusukuma kwa mkono, tumia kipande cha mbao kusukumia, vidole visiwe kwenye njia ya bledi hata kwa sekunde. Meza ndogo inayokuja nayo ni bati tu. Nimeibadilisha kwa sahani ya chuma ya milimita 8 na ninaipenda sana. Miguu nayo inatikisika, nimeifunga kwa engo mbili za msalaba.

Grainda sijaitupa. Ila vyuma nilivyokuwa nakata kwa cheche na kelele, vumbi likinijaa puani, sasa navifunga kwenye bendso, nashusha kichwa, naenda kusafisha kipande kingine kwa tupa. Swichi ya mwisho wa mkato inazima mashine yenyewe bledi ikimaliza. Hakikisha umeirekebisha izime baada ya chuma kukatika, si kabla.

Anza na beringi, kata kisahani, kisha niandikie hapa zile namba nne za venia pamoja na unene wa mabomba unayokata mara nyingi. Nitakuambia ni mkono upi wa kuzungusha na bledi ipi ya kutangulia kununua.