Limao kwenye sarafu ya shaba: usithubutu

Mkuu, umeuliza kama sarafu yako ya pesa ya mwaka 1891, ile ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, uisugue kwa limao ing'ae kabla ya kuiuza. Nakuomba usiisugue! Ile rangi ya kahawia ndiyo ngozi yake, imejijenga kwa zaidi ya miaka 100. Asidi ikishaila hairudi, na mkusanyaji mzoefu anaijua sarafu iliyosuguliwa kwa kuiona tu.

Tazama kwanza manyoya ya tai, halafu maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Yakisomeka yote na kingo zikiwa kali, una kitu kizuri sana mkononi. Hela za shaba za 1904 hadi 1913 (zile sarafu za Heller za Kijerumani) hazina tai wala Kiarabu, kwa hiyo zipime kwa taji na maandishi yake.

Hapa Dar adui ni unyevu na chumvi ya bahari, hasa ukikaa Kigamboni au Msasani. Ishike kwa ukingo, iweke ndani ya bahasha kavu ya karatasi, kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya maboksi ya viatu. Ukiona madoa ya kijani ya ungaunga, itenge na nyingine siku hiyo hiyo.