Jibu: Oud Wood, ya kiume au ya kike?

Dada, umeuliza kama Oud Wood, manukato ya Tom Ford, ni ya kiume, na anayeipaka anaonekana mtu wa namna gani. Tangu itoke mwaka 2007 inauzwa kwa wote. Kwetu mimi na mume wangu tunagombania chupa moja.

Ila usitarajie udi wa chetezoni, ule unaoganda kwenye kanga siku kadhaa. Udi halisi ni utomvu unaojijenga ndani ya mti wa Aquilaria ukishashambuliwa na kuvu, na una ukali wake. Mwingine hunuka kama zizi, nisikufiche. Huu wa Oud Wood umelainishwa. Ukijipulizia tu, iliki ndiyo inatangulia, kavu, kama mtu katoka kuitwanga sasa hivi. Baadaye inakuja sandali, kisha utamu wa mbali unaofanana na vanila.

Mtu ninayemwona mimi ni yule anayefika shughulini kimya kimya, kanzu au dera limenyooka pasi, anakaa pembeni. Hapigi kelele. Ukiinama kumpa mkono ndipo unashtuka: kumbe! Kama wewe ni wa kutaka wakujue umefika kabla hujavua viatu, hii itakuudhi.

Bei yake si ya mchezo, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye ngozi yako, uzunguke nayo saa mbili tatu. Yangu ni kavu, hainasi manukato yoyote, hivyo napulizia kwenye mtandio.