Barua kwa mwanangu: Yesu alikuwa akimwomba nani?

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza inakuwaje watu wasome Biblia ileile, huyu aseme Yesu ni Mungu, yule aseme ni kiumbe, na mwingine aseme Baba na Mwana ni huyohuyo mmoja. Usianze kwa kurushiana mistari, kila upande unayo ya kutosha. Uliza hivi: kule bustanini Gethsemane, usiku ule wa kukamatwa kwake, Yesu alikuwa akimwomba nani?

Mkatoliki, Mwanglikana au Mlutheri atakujibu kwamba Nafsi ya Mwana ilisema na Nafsi ya Baba, na umungu wao ni mmoja. Ndivyo Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea ulivyotamka mwaka 325 dhidi ya Arius, padri wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Konstantinopoli, mwaka 381, ikaongeza maneno juu ya Roho Mtakatifu. (Waorthodoksi wanakubali yote hayo, ila wanapinga mpaka leo wanavyosema Wakatoliki, kwamba Roho hutoka kwa Baba “na Mwana”.)

Kwa Shahidi wa Yehova, aliyeomba ni kiumbe wa kwanza, na aliyeombwa ni Muumba wake. Atakufungulia Wakolosai 1:15 na Yohana 14:28. Roho takatifu kwake ni nguvu ya Mungu tu. Mpentekoste wa Umoja hakubali nafsi tatu: Mungu mmoja alikaa ndani ya Yesu, na kilichoomba ni ubinadamu wake. Yeye husimama kwenye Yohana 14:9, na hubatiza kwa jina la Yesu kwa kufuata Matendo 2:38. Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni) huhesabu watatu walio mbalimbali kabisa, wenye kusudi moja, tena Baba ana mwili wa nyama na mifupa.

Wanaojikwaa zaidi ni watetezi wa Utatu wenyewe, yaani wale wa Mungu mmoja katika Nafsi tatu. Husema Mungu ni kama maji, mara barafu, mara mvuke. Huyo ni mmoja anayebadili sura, fundisho la Sabellius ambalo Kanisa lililikataa tangu karne ya 3. Kwa mfano huo, Gethsemane Yesu alijiomba mwenyewe!

Na ukitetea Utatu, usitumie maneno ya 1 Yohana 5:7 juu ya “Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu”. Hayamo katika nakala za kale za Kigiriki, na mwenzako akilijua hilo atakushika hapo hapo. Tumia Mathayo 28:19 na Yohana 1:1.

Mzazi wako