Funza wa BSF hawanenepi? Kagua chakula kwanza

Kreti mbili za funza wa BSF (black soldier fly, nzi mweusi ambaye funza wake hufugwa kwenye mabaki ili walishwe kuku), umri mmoja, banda moja, na bado siku ya kuvuna utadhani ni wadudu wa aina mbili: huku wamejaa kama punje za mchele uliopikwa, kule wembamba kama nyuzi. Lawama huangushiwa mayai. Mara nyingi kosa liko kwenye chakula, na si uchache wake bali mchanganyiko na maji yake.

Siku tano za mwanzo usibanie. Funza aliyeanguliwa leo hawezi kumega ganda la ndizi, na kwenye uji wa majimaji anazama. Mpe chakula cha vifaranga wa kuku: gramu 300 kwa mililita 700 za maji, ukiache kinywe maji kabla ya kukitandaza. Unene usizidi sentimita 3. Mayai yakae juu ya wavu, yasiguse chakula, maana yakiloa yanaota ukungu. Kuna wanaotumia pumba tupu hapa ili kuokoa shilingi. Wanazilipa baadaye kwa siku za kuchelewa kuvuna.

Siku ya tano wahesabu. Chekecha kidogo, pima gramu 2 kwenye mizani ndogo, hesabu waliomo, gawanya kwa 2, kisha zidisha kwa uzito wote kwa gramu. Kreti ya sentimita 60 kwa 40 inachukua funza 10,000 na kilo 15 za chakula kibichi: kilo 5 siku unayowaingiza, 5 siku ya tano tangu hapo, 5 siku ya nane. Ukimwaga kilo zote 15 kwa mkupuo, tabaka la chini linakosa hewa na kuoza, na nzi wa nyumbani wanawahi kutaga kwenye sehemu ambayo funza hawajafika.

Sasa mchanganyiko. Mabaki ya matunda peke yake, mathalani maembe na ndizi zilizoiva kupita kiasi, yana sukari na maji mengi lakini protini kiduchu. Funza anakua polepole. Pumba za mpunga zenye maganda mengi na kinyesi cha ng'ombe vina nyuzinyuzi nyingi asizoweza kuzimeng'enya vizuri. Maranda ya mbao yanasaidia kunyonya maji tu, si chakula. Kwa kreti moja jaribu hivi: kilo 8 za mabaki ya sokoni yaliyosagwa, kilo 5 za machicha ya bia, kilo 2 za pumba za mahindi. Maji yanakuja karibu asilimia 73, na protini inatoka hasa kwenye machicha. Ukikosa machicha, mashudu ya alizeti yanafaa, ila ni makavu, kwa hiyo ongeza maji. Usizidishe protini ukidhani funza watakua mara mbili: banda litanuka mkojo, ile harufu ya amonia inayochoma macho, na hapo unapoteza protini uliyoinunua.

Maji unayapima kwa ngumi. Kamua konzi moja ya chakula: matone mawili matatu yakipenya kati ya vidole, sawa. Yakichuruzika, ongeza pumba. Kisipotoa hata tone na kikimeguka, nyunyiza maji. Kreti iliyozidi maji inajitangaza yenyewe: asubuhi unakuta funza wadogo, weupe bado, wamebanana kwenye pembe wakipanda ukuta, na katikati kuna kidimbwi kinachong'aa. Hao hawajakomaa, wanakimbia kuzama. Changanya pumba kavu papo hapo. Wakikimbia huku chakula si majimaji, ingiza mkono katikati. Kikiwa cha moto, kipunguze unene na upitishe hewa.

Maganda magumu ya ndizi yakatekate vipande vya sentimita 1 hadi 2, yaloweke siku mbili au tatu yalainike. Mabaki ya hoteli yana mafuta na chumvi. Yachanganye na pumba, usiyatoe peke yake. Taka zenye madini mazito kama kadimiamu zikatae kabisa, kwa sababu kadimiamu inajilimbikiza mwilini mwa funza na kumfuata kuku.

Kuanzia siku ya kumi tangu uwaingize kwenye kreti, pima funza 100. Gramu 15 hadi 20 ni kazi nzuri. Wakiwa chini ya gramu 10 na wengine tayari wanageuka weusi, walikosa chakula wakaamua kukomaa wakiwa wadogo. Kuwaongezea sasa ni kuchelewa, maana mweusi hali tena.

Mbegu, yaani funza wa kuachwa wawe nzi wa kutaga, usiichukue kwenye kreti hiyo. Nzi mzima anahitaji maji tu, hali chakula kama alivyokula akiwa funza, na mayai anayotaga yanatokana na mafuta aliyojiwekea wakati huo. Chagua weusi kutoka kreti iliyonona, hata kama ndiyo ungependa kuipeleka kwa mteja.